Filamu Iliyonitoa Mbio Kariakoo

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa waliishuhudia, acha niisimulie mwenyewe.

Mimi nina ugonjwa wa filamu za kutisha, siyo zile za mizimu na damu, hapana, zile za taratibu, ambazo saa nzima hakitokei kitu ila mtu anaanza kuhisi watu wake wanampangia jambo (na kweli wanampangia!). Jumamosi moja mchana, badala ya kumsaidia shangazi kupika, nikajifungia chumbani na simu, nikatazama moja ya msichana anayeuzwa na ndugu zake. Natoka kunywa maji, moyo bado unadunda, namsikia shangazi jikoni ananong'ona kwenye simu: "Hajui kitu. Pandeni tu, yupo ndani."

Nikaganda. Mara hodi, wakaingia wazee watatu nisiowajua, kanzu nyeupe, wamebeba sinia limefunikwa (mimi nikaona visu). Mmoja akanitazama juu mpaka chini.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," shangazi akajibu.

"Basi tumempenda. Tunamchukua."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilinyakua mchi wa kinu, nikateremka ghorofa tatu, pekupeku, na dera limechanika kwapani, napiga yowe, "Wananiuza!", na yule mzee nyuma yangu anahema, "Binti, subiri!" Weee, Kariakoo hawaulizi mara mbili. Wauza vitenge, wasukuma mikokoteni, wote wakamzingira mzee wa watu, mmoja keshamkaba kanzu, ngumi iko juu, na hapo ndipo nikamwona Salum, mpenzi wangu, anaruka kutoka kwenye gari kavaa suti.

"Mwanaidi, waambie wamwache! Huyo ni baba, amekuja kukuposa! Nilitaka nikushtukize!"

Mchi ukanidondoka. Nikajitupa katikati nikilia, "Mwacheni, ni mkwe wangu!" Halafu mama mmoja wa vitenge akapiga kigelegele, mtaa mzima ukaitikia, sinia likateremshwa, halua ikagawiwa palepale barabarani.

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu akiinyoosha kanzu yake, "ila mchi uache hapohapo ulipo."

Tumeshaoana. Nimeapa sitazitazama tena filamu zile peke yangu. Sasa natazama na Salum, na anayepiga yowe ni yeye.