Fundi wa Pasua anayezitafuta sauti alizozifunika kwa kwaya

Saa mbili asubuhi, Pasua, mjini Moshi. Aminieli Swai amevaa hedifoni, macho kwenye kompyuta, kidole juu ya deki ya video. Kwenye benchi, mkoba mapajani, ameketi Mama Elinipendo Munisi wa Masama. Hii ni mara yake ya nne kushuka mlimani kwa ajili ya mkanda mmoja.

"Mama, leo tukishindwa nitakwambia ukweli," anasema fundi.

"Ukweli ungeniambia tangu mara ya kwanza, mwanangu. Miguu imeniisha."

Mkanda wenyewe ni wa kipaimara cha binti yake, Doris, Desemba 1996. Doris alifariki miaka miwili iliyopita akijifungua. Aliacha mtoto wa kike ambaye sasa anatembea, na televisheni ikiwashwa anakwenda kushika kioo.

"Uso wa mama yake anaujua. Sauti hajaisikia hata siku moja," anasema bibi huyo. "Siku ile Doris alisimama akanishukuru mbele ya ukoo mzima. Nataka mtoto asikie hayo kabla na mimi sijaondoka."

Ungedhani ni jambo dogo. Lo! Aminieli, mwenye umri wa miaka 47, anahamishia mikanda ya zamani kwenye diski kwa shilingi 7,000, lakini huu umemtoa jasho.

Diski ya kwanza ilikuwa bubu, kwa kuwa kompyuta ilitegwa isikilize maiki badala ya waya unaotoka kwenye deki. Ya pili ilitoa sauti, ila sauti ilitangulia, picha ikafuata nyuma. Akagundua ametumia kipimo cha sauti cha diski za muziki, akaweka cha video. Ya tatu ikatoka safi kabisa, isipokuwa tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa inaimba kwaya.

"Mwanangu, mimi sikuleta kwaya," Mama Elinipendo alimwambia siku ile.

Hapo ndipo penye kidonda, maana kwaya ile aliiweka Aminieli mwenyewe.

Alianza kupiga video mwaka 1991 kwa kamera chakavu iliyopitia Tarakea, mpakani na Kenya. Mwaka 1995 akapata nzuri zaidi. Miaka ile, anasema, mteja alitaka nyimbo mwanzo mwisho. Mkanda usio na wimbo waliuita wa msiba. Basi kila baada ya sherehe alikaa nyumbani akalaza kwaya juu ya hotuba, nasaha na baraka za wazee.

"Niliwaziba watu midomo, na wakanishukuru," anasema. Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Hakuwa peke yake. Mkewe, Elifuraha, ndiye aliyeshika taa. Kuanzia Masama hadi Rombo alisimama ubavuni mwa kamera, mkono juu, mpaka bega linakufa ganzi. Alifariki mwaka 2001 kwa ugonjwa wa kifua. Katika mikanda yote hiyo haonekani hata mara moja, kwa sababu mshika taa hapigwi picha.

Jana fundi mwenzake, Hosea, alipita kuazima waya, akaona kipande cha plasta kwenye deki.

"Hii umeibandika ya nini?"

Aminieli aliibandika zamani ili kitufe cha kuchagua sauti kisisogee, kwa kuwa upande wa pili mikanda yenye ukungu ilikuwa ikikwaruza. Hosea akashika kichwa. Akamweleza kwamba kamera nzuri huandika sauti mahali pawili, ukingoni mwa mkanda na ndani, pamoja na picha. Wimbo unaoongezwa baadaye hukaa ukingoni tu. Ile ya ndani haiguswi.

"Sisi tulijifunzia kazini. Kitabu cha deki kilikuwa cha Kijapani, nani angekisoma?" anasema Aminieli. "Kumbe watu walikuwemo humo miaka yote, na mimi nimebandika plasta!"

Sasa anaibandua kwa ukucha. Anasukuma kitufe. Kwaya inakatika.

Mkwaruzo. Vigelegele. Mbuzi analia mahali fulani. Kisha msichana, sauti nyembamba, anasema: "Aika mae, asante mama. Ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanyesha, ukanifunika kanga yako wewe ukalowa. Mimi sitaweza kukulipa."

Mama Elinipendo anajifunika uso kwa mikono miwili. Analia bila kujizuia, na wapita njia wanachungulia mlangoni. "Ndiye. Ndiye mwanangu huyo."

Fundi anaacha mkanda uende. Makofi yanapigwa. Ndipo inaingia sauti nyingine, ya mwanamke, ya chini, karibu na kamera kuliko zote: "Amini, mkono unatetemeka. Umekula kweli wewe?"

Aminieli anazima deki.

"Huyo ni nani?" anauliza bibi.

"Mke wangu."

Mama Elinipendo anafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Pole, mwanangu. Rudisha. Tumsikie na yeye."

Anarudisha. Wanasikiliza mara tatu.

Daftari lake linaonyesha sherehe 214 alizopiga kwa kamera ile nzuri ya 1995, na Elifuraha alikuwepo karibu zote. Lakini wateja wengi, wakishapewa diski, mikanda waliitupa. Wengine utepe wameufunga kwenye mashamba ya ulezi kufukuza ndege.

"Niliwaambia mwenyewe, 'Sasa mkanda wa nini tena? Tupeni,'" anasema, na machozi yanamtoka waziwazi.

Kuanzia Jumamosi atafunga kibanda na kupanda mlimani, kijiji kwa kijiji, kuanzia Masama mpaka Tarakea, kuomba mikanda iliyobaki kabla haijafika shambani. Diski atawatengenezea upya, bure.

"Wao wachukue watu wao," anasema. "Mimi nitaomba maneno ya mshika taa tu."