Ufunguo Ukutani

Kazini walimwita Mzee Funguo, kwa jinsi alivyowachosha watu kwa wimbo mmoja: ukiingia chumba cha mtambo beba ufunguo wako, ukitoka utundike ukutani. Funguo zote zikitimia, mtambo unawashwa kurusha chembe zenye mionzi, wataalamu wapate kujua nyota hulipukaje.

Leo alikuwa ndani, amepiga magoti anakaza bomba, king'ora kikalia. Zimebaki sekunde thelathini mtambo uwake. Akapapasa mfukoni: patupu! Akajikokota hadi kwenye kitufe chekundu cha dharura, akakigandamiza kwa viganja viwili. King'ora kikanyamaza, simu ya ukutani ikaita.

“Niko ndani,” akanong'ona.

“Mzee?” Alikuwa mwendesha mtambo, binti ambaye Mzee mwenyewe alimfundisha kazi. “Mbona ufunguo wako unaning'inia hapa? Nimeangalia mara mbili kabla ya kuwasha, kama ulivyonifundisha.”