Mwaka Ambao Kitinda Hakuleta Viti

Kila ukoo una mtu wa viti. Ukijiuliza kwenu ni nani na hupati jibu, pole sana, ni wewe.

Kwa ukoo huu alikuwa Fundi. Ndugu zake wanamwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba, na kitindamimba hata aote mvi bado ni mtoto wa kutumwa. Kazi yake ni kupiga lipu. Nyumba ikishasimama, matofali yakiwa bado yamekenua meno, anaitwa yeye aje ayafunge midomo kwa mchanga na saruji mpaka ukuta uwe laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Na anaiweza. Akiingia nyumba ya watu, hata kama amekuja kutoa pole, lazima apitishe kiganja ukutani, taratibu, halafu atikise kichwa. Mkewe, Mama Pacha, alishamkanya: mtu amefiwa, wewe unamkagulia kuta?

Lakini kwenye sherehe za familia ufundi wote huo ulikuwa unaachwa getini. Siku ya kuzaliwa ya Mama ikikaribia, Dada Mkubwa huingia kwenye kundi la familia na kugawa kazi kama jemadari. Nyama huyu, saladi yule, vinywaji fulani. Mwisho kabisa, chini, kama kitu kilichookotwa: Kitinda, viti. Miaka nenda, miaka rudi. Anaazima viti vya plastiki kwa majirani, anavipakia kwenye toroli, anafika jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi, anavipanga. Wenzake wakifungasha mabaki ya chakula, yeye anafungasha viti.

Mwaka mmoja alijaribu kuomba japo saladi. Shemeji akamuuliza kama ataichanganya kwa koleo. Huyu Shemeji ni mume wa Dada Mkubwa, muuza simu, na mdomo wake ndio simu pekee duniani isiyohitaji chaji. Watu walicheka siku hiyo, wakacheka mwaka uliofuata, na hadi leo mtu akitaja saladi kuna anayeangalia pembeni ili asimkosee Kitinda adabu.

Sasa, mfalme wa sherehe yenyewe si nyama. Ni keki ya bakuli. Dada Mkubwa ana bakuli la kioo, kubwa, lenye mguu, na ndani yake hupanga keki, kastadi, stroberi na forosadi, krimu iliyopigwa ikasimama, halafu anaanza upya mpaka juu. Ukiitazama kwa nje unaona matabaka yote. Mama hakati keki nyingine. Na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuruhusiwa kuitengeneza, hata kusogeza kijiko.

Mwaka huu Dada Mkubwa alikuwa safarini kikazi, arudi siku yenyewe ya sherehe, mchana. Akaandika kwenye kundi kwamba keki ya bakuli haitakuwepo, wanunue ya duka. Zikamiminika stika za kulia. Kisha Mama, ambaye hatumi maandishi kwa sababu anasema herufi za siku hizi zimekonda, akatuma sauti: "Haya, si mbaya. Hata ya duka ni keki."

Wote wanamjua mama yao. Akisema si mbaya, ujue ni mbaya.

Fundi alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Aliisikiliza ile sauti, akairudia. Halafu akaandika kwa kidole chenye saruji: "Keki ya bakuli naleta mimi. Viti mtu mwingine ashike."

Kundi likalipuka. Shemeji akauliza waje na kofia za ujenzi au itakuwa imeshakauka. Kaka wa kati akataka kujua kwenye keki ya namna hiyo, mfuko mmoja wa saruji unaingia toroli ngapi za mchanga. Stika zikajazana mpaka ujumbe wenyewe ukazama chini. Ndiyo maana ile nusu yake ya pili, ile ya viti, hakuna aliyeijibu.

Dada Mkubwa peke yake hakucheka. Alipiga simu.

"Kitinda, hiyo ni keki ya Mama. Ukiharibu, yeye ndiye hatakula."

"Najua, dada."

"Bakuli lipo juu ya kabati langu. Likivunjika usije kwenye sherehe. Tuma salamu tu."

Basi hapo ndipo alipokuwa amejiweka. Ikifeli, Mama atakata keki ya duka huku akisema si mbaya, na yeye atabeba viti mpaka siku atakapobebwa mwenyewe.

Jambo la kwanza alimwomba Mama Pacha asimsaidie. Akigusa kijiko tu watasema keki ni ya mke. Mama Pacha akavuta kigoda mlangoni mwa jiko, akakunja mikono, akasema yeye leo ni mwamuzi. Na kwa mtu anayejua kupika, kumtazama asiyejua ni adhabu kuliko kufua mapazia.

Aliamua kufanya kwanza ya majaribio, kwenye beseni, ili bakuli la dada lisiingie vitani mapema. Na mbona ilianza vizuri? Ule mkono uliozoea kukoroga saruji ulipiga siagi na sukari hadi zikawa nyeupe zenyewe kwa hofu. Keki ikaumuka. Kastadi akaikoroga kwenye moto mdogo bila kuinua macho, maana kama kuna kitu anakichukia maishani ni donge. Forosadi alichuma kwa jirani, akarudi na vidole vya zambarau kama mtu aliyepiga kura mara nyingi. Akapanga tabaka juu ya tabaka. Mama Pacha alikuwa ameanza kukosa cha kucheka.

Halafu mazoea yakamponza. Lipu mbichi, kwa anayeijua, humwagiliwa maji ili isipasuke. Ukishamaliza ukuta unarudi baadaye na ndoo, unaunywesha. Kesho yake unaunywesha tena. Fundi akaitazama ile keki imekaa pale kimya, imekauka usoni, roho ikamsuta. Akachukua juisi ya forosadi, akainyunyizia. Baadaye akapita tena, akainyunyizia. Kila akipita jikoni anaitilia kidogo, maskini, isije ikapasuka. Mama Pacha alifungua mdomo, akakumbuka yeye ni mwamuzi, akaufunga.

Asubuhi beseni lilikuwa na uji wa zambarau. Kastadi imelala ubavu, na krimu inaelea juu kama povu la sabuni. Pacha walikuja na vikombe.

"Baba Pacha," mkewe akasema kwa upole kabisa, "hii ni keki au mafuriko?"

Fundi alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Kwenye kundi, Shemeji alikuwa ameamka na picha ya mashine ya kuchanganyia zege iliyofungwa utepe mwekundu na mshumaa juu. Fundi akaandika: jamani, tununue tu ya duka. Kidole kikabaki juu ya kitufe cha kutuma.

Na hapo mgongo wake ukamwasha. Mganga hajigangi: ukuta wa jiko lake mwenyewe ulikuwa na lipu ya kwanza tu tangu wahamie, ile ya chini, iliyochanwachanwa mistari ikisubiri ya pili ambayo kila mwezi huja mwezi ujao. Akageuka kuutazama. Akaipapasa ile mistari. Lipu ya chini huiachi laini. Unaiacha ishike, unaichana, ndipo ya juu inapata pa kung'ang'ania. Na maji? Saruji ikinywa maji inakuwa jiwe. Keki ikinywa hivyo inakuwa marehemu. Alikuwa amechukua somo sahihi na kulipeleka kwenye mtihani mwingine.

Akafuta ule ujumbe, akanyanyuka kuoka upya.

Safari hii keki ilipopoa aliikata vipande na kuviacha wazi vikauke kidogo. Akavichana nyuso kwa uma. Juisi akaipaka kwa brashi, kwenye ile mistari tu. Kastadi akaisubiri ipoe hadi ishike, maana tabaka halipandi juu ya tabaka lenye usingizi. Stroberi alizikata katikati, akazisimamisha kuzunguka kioo cha bakuli la dada, tumbo lao nje, halafu akatoa pima maji kwenye mfuko wa kazi na kuiweka mezani. Meza ilikuwa imeinama. Akakunja karatasi ngumu, akaisukuma chini ya mguu mmoja, kiputo cha hewa kwenye pima maji kikatulia katikati.

"Hiyo meza inalia kwa ajili ya hiyo karatasi tangu pacha wanavaa nepi," Mama Pacha akasema. "Kumbe pima maji ipo."

Mwisho akafungua mwiko mpya wa kupigia lipu, ambao haujawahi kuonja mchanga, akauosha kwa maji ya moto na sabuni. Krimu ikapanda. Kiwiko kikatulia, kifundo cha mkono kikageuka, akauzungusha mwiko ukingoni mara moja, bila kusimama, na ulipofika ulikoanzia haukuacha hata alama ya kuungia. Mama Pacha alikuwa ameshainuka kutoka kigodani bila kujua ameinuka lini.

"Sasa ndiyo naelewa," akasema, "kwa nini watu wanakufuata kutoka mbali."

Siku ya sherehe, toroli lile lile la viti lilijazwa mchanga mkavu uliochekechwa. Mafundi husafirisha vioo vya madirisha hivyo. Bakuli likafungwa vizuri, likazamishwa mguu mchangani, likafunikwa kitambaa chenye unyevu. Fundi akavaa shati jeupe, akasukuma taratibu kama anasukuma mgonjwa. Mashimo yote ya barabara ile anayajua kwa majina. Fundi baiskeli wa kona akamuuliza viti vya mwaka huu mbona vimekuwa vifupi. Yeye akaenda tu.

Alipofika kwa Mama, ukoo mzima ulikuwa uani, umesimama. Nyama tayari, saladi tayari, vinywaji vinatoa jasho kwenye ndoo ya barafu, na watu wameegemea kuta, miti, mabega ya wenzao. Mama peke yake ndiye aliyeketi, kwenye kiti chake cha sebuleni kilichotolewa mlangoni.

"Kitinda, viti viko wapi?" Shemeji akauliza, kwa niaba ya miguu yote iliyokuwepo.

"Nilisema mtu mwingine ashike."

Simu zikatoka mifukoni. Watu wakarudisha ujumbe nyuma, wakarudisha, wakapita utepe mwekundu, wakapita stika za kofia, mpaka wakaukuta umefukiwa huko. Kweli ilikuwa imeandikwa. Simu zikiwa bado mikononi mwao, Fundi akavuta kitambaa.

Matabaka yalikuwa yamenyooka kana kwamba yamepigwa rula: keki, kastadi, wekundu wa stroberi umekaa safu moja kuzunguka kioo chote, forosadi, krimu, keki tena. Shemeji alichuchumaa kutafuta kasoro. Alichokiona kwenye kile kioo ni sura yake tu.

Dada Mkubwa akaingia muda huo, begi bado begani. Hakusalimia mtu. Akalizungusha bakuli polepole, jicho limebana, akitafuta mstari uliopinda. Hakuupata. Akachukua kijiko, akakizamisha mpaka chini kabisa, kwa kuwa juu hata mwongo anaweza kupamba. Akala. Akatazama pembeni, akatafuna. Akapakua sahani ya kwanza na kumpelekea Mama.

Mama akaonja. Akafumba macho.

"Hii si ya dada yako," akasema.

Fundi akageuka kutafuta kiti cha kukalia, na viti hakuna.

"Ya dada yako tamu, lakini chini huwa inalia maji. Miaka yote naikausha kwa kijiko, nanyamaza. Hii imesimama."

Aliyeanza kucheka ni Dada Mkubwa mwenyewe, mpaka begi likamdondoka. Akasema alikuwa anajua siku zote, ila alidhani ni forosadi ndizo zenye makosa.

"Nani alikufundisha, Kitinda?"

"Ukuta wa jikoni, dada. Ule ambao sijaumalizia."

"Usiumalizie," Mama akasema, akanyoosha sahani aongezwe.

Wakala wamesimama, na hakuna aliyelalamikia miguu. Kaka wa kati alirudi kwenye bakuli mpaka akaanza kuficha uso. Shemeji alipokuwa anapanga foleni, Dada Mkubwa akamwonyesha lile toroli, mchanga wake umeshamwagwa pembeni, na kumwambia, mume wangu, majirani unawajua, nenda ukaazime viti. Akaenda. Gurudumu likalia mtaa mzima.

Aliporudi, shati limemganda mgongoni, bakuli lilikuwa tupu linang'aa. Kilichobaki ni krimu kwenye ule mwiko, ambao Fundi alikuja nao wa kupakulia. Fundi akampa, hana kinyongo, na Shemeji akaulamba mwiko wa lipu pande zote mbili huku amefumba macho. Mama Pacha alipiga picha. Ndiyo picha ya kundi la familia sasa.

Jioni watu wakitawanyika, Fundi alimpelekea Dada Mkubwa bakuli lake, limeoshwa na kufutwa. Hakulipokea.

"Kaa nalo," akasema. "Mimi nitalijia siku nikihitaji kunywea maji."

Alirudisha mchanga torolini, akalipeleka bakuli nyumbani humo, toroli likitembea kwa adabu. Hata hajafika, kundi likalia: Dada Mkubwa ameshagawa kazi za mwakani. Keki ya bakuli, Kitinda. Ilikuwa juu kabisa. Na chini, mwisho, kama kitu kilichookotwa: Shemeji, viti.

Shemeji alijitoa kwenye kundi. Walimrudisha kabla hajaweka simu mfukoni, na sauti ya Mama ikamkuta mlangoni: mwanangu, viwe na migongo.