Bugari ya Mgeni

Kule Lubondja mgeni haelezwi shida tumbo lake likiwa tupu. Ale kwanza, anawe mikono, ndipo mwenyeji afungue kinywa. Desturi nzuri, sina ugomvi nayo, ila siku ile ilimkaba Adolphine koo na mpaka leo nikiikumbuka naona uchungu.

Adolphine ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga mihogo. Mpango wa serikali uliwapa akina mama wa kijiji mashine hiyo ili wapate kazi, na unga wa kuuza soko la Baraka. Miezi michache alitembea kifua mbele, mama mwenye kazi yake. Kisha injini ikakata roho. Akina mama wakarudi kwenye vinu, na bega la kulia la Adolphine, bovu tangu zamani, likawa linamliza hata kwa kufunga kitambaa kichwani.

Hapo Placide, shefu wa kijiji, akaleta habari: anakuja mtu kutoka Bukavu kupima kama mpango umewafaa watu. Kijiji kitakachoonekana kimekwama kitaletewa fundi na injini mpya. Adolphine aliyakariri maneno atakayomwambia mgeni hata njiani kwenda kuteka maji. Aseme tu kwamba mashine imekufa, basi.

Lakini bugari, yaani ugali wa mihogo, ikiwa ya mgeni lazima iwe laini na nyeupe. Shefu alisema hataki kijiji chake kidharauliwe, na jirani yake Adolphine, Suzanne, akatoa jogoo wake wa pekee. Mihogo ikatwangwa, ikachekechwa, ikatwangwa tena. Adolphine alitwanga mpaka mkono ukafa ganzi, akijipa moyo kwamba ni mara ya mwisho. Masikini, alijidanganya.

Bwana Wilfried, yule mpimaji, alifika na haraka zake, maana dereva aliiogopa barabara. Akakalishwa, akala. Alikula vizuri, tusimsingizie. Akafinyanga tonge, akalitazama, akasema unga laini namna hii hautoki kwenye kinu. Mashine lazima inachapa kazi. Akaomba aisikie ikinguruma. Shefu, kichwa kimeshavimba kwa sifa, akajibu upesi kwamba mafuta yaliisha jana tu.

Adolphine aliganda na jagi la maji mkononi. Mgeni bado anakula, angesemaje? Akangoja. Wilfried aliponawa na kusimama, ndipo akasogea.

"Mukubwa, ile mashine ilikufa. Ile unga tulitwanga na mikono."

Wilfried akamtazama yeye, kisha akamtazama shefu.

"Mama, shefu ananiambia mafuta iliisha. We unaniambia ilikufa. Nimuite nani muongo?"

Shefu Placide aliinamia sahani akachagua mifupa ambayo alikwisha kuiguguna. Huyo ndiye anayeamua kesi za kijiji, huyo ndiye aliyempa Adolphine shamba analolima, na tena ni kaka wa marehemu mume wake. Umwite muongo mbele ya mgeni, halafu ukalale wapi? Adolphine alitamani ardhi immeze.

"Hakuna muongo, mukubwa," akasema. "Mafuta iliisha."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu hakupona. Gari lilipoondoka alikwenda nyuma ya nyumba, akalia, akamtukana shefu kwa Kibembe, akajitukana na yeye mwenyewe. Kisha akaosha sahani.

Siku zikapita. Mara shefu akaja mwenyewe mlangoni, ana furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Lubondja imesifiwa, alisema, imewekwa mbele ya vijiji vyote: mashine inafanya kazi, bamama wana ajira. Fundi na injini vimepelekwa upande wa Nundu, kwa wale walioshindwa. Na sasa wakubwa wenyewe wanakuja kusherehekea, magari kwa magari, nao wameomba kitu kimoja tu.

"Shemeji, banataka ileile bugari," alimwambia. "Laini vilevile."

Adolphine alimimina mihogo kwenye kinu, akashika mtwangio kwa mkono wa kushoto.