Mimi Nashona Tu

Mwaka 1987, nikiwa kijana wa kiume wa miaka kumi na nane, baba alifariki, nami nikapanda lori kutoka Rujewa kwenda Iringa kutafuta kibarua. Shule niliishia darasa la tatu, wala sioni haya kusema. Nikapata kazi kwenye ghala la mahindi: kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa.

Mwanangu, siku ninayoikumbuka ilianza kama siku nyingine. Tajiri wetu alikuwa na mahindi ya mbegu yaliyobaki, yale mekundu yaliyopakwa dawa ya wadudu. Akaamuru yaoshwe, yaanikwe, yafungwe. Yalikuwa yanakwenda kusagwa unga wa shule ya bweni. Lori la kwanza lilishaondoka juzi yake.

"Sumu imetoka na maji," alisema. "Kazi, vijana!"

Nikashona. Mama Sekela, mpepetaji wetu, akanishika kiganja.

"Wewe, hina hii vipi? Unaolewa lini?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Viganja vyangu vilikuwa vyekundu kwa rangi ya ile dawa.

"Mimi nashona tu, mama."

"Haya. Huyu anaosha tu. Yule anapakia tu. Dereva anaendesha tu, mpishi anapika tu. Sasa hao watoto wanalishwa sumu na nani?"

Nikashona magunia mengine kumi na moja, jicho kwa tajiri pale mlangoni. Aibu yangu ndiyo hiyo: nilijua, na mkono ukaendelea. La kumi na mbili mkono ukagoma. Nikatia punje mfukoni, nikaenda kwa bwana afya, shazia bado mkononi.

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

Lori la pili likazuiwa getini. Mimi nikafukuzwa, nikaitwa mchongezi, na hakuna ghala Iringa nzima lililonitaka tena. Lile la kwanza halikuwahiwa. Tuliambiwa watoto waliumwa matumbo, wakapona. Waliotuambia ni watu wa tajiri. Mpaka leo nikiona wanafunzi wamepanga foleni na sahani, naondoka.

Basi sikia. Mkubwa akikuamuru, uliza kazi inaishia kwa nani, usitazame kipande chako peke yake. Ukijisikia unasema "mimi nafanya tu", simama hapo hapo. Chukua ushahidi, nenda kwa anayeweza kuzuia. Utafukuzwa, sikufichi.

Leo nina nyumba Ilomba, mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, ekari sita, ng'ombe wanne, na shazia ile ile. Vijana wa mashine nimewaambia: nikiwaamuru uovu, nishtakini.

Mungu akupe mkono unaogoma mapema kuliko wangu.