Mama yangu alivyomsalimia mtu wa angani kwenye sinema ya gari, kijijini kwetu Mwazye, Ufipa

Wakuu, heshima mbele. Hili nimeliona kwa macho yangu. Nikitia chumvi, marehemu mama atanijia usingizini, na namjua, hatakuja kwa upole.

Enzi za vijiji vya ujamaa, mimi binti wa shule ya msingi. Nyumbani tulikuwa na mgeni, Mama Domitila, mkimbizi kutoka Burundi, na mwanawe mgongoni.

Kijiji kiligawanyika. Wengine walitaka aondolewe apelekwe kambini, eti hatumjui, lugha yake hatuielewi. Mkutano wa kuamua ulikuwa kesho yake.

Jioni hiyo likaja gari la sinema. Shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa ghala.

Tulizoea filamu za mbolea. Siku hiyo wakaweka movie ya alien. Kiumbe wa kijani, chombo chake kimeanguka duniani, askari wanamzungushia seng'enge. Mtu wa gari anatutafsiria kwa kipaza sauti.

Mama akauliza, "Kwani huyu kakosa nini?"

"Hana kosa, mama," akajibu yule wa kipaza sauti. "Ila si wa hapa."

Kiumbe akatoroka, akafika mlangoni kwa watu. Wakamfungia mlango.

Hapo mama uvumilivu ukamshinda. Alienda mbele ya shuka, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyompokea mgeni.

Watu wakacheka. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mara yakasikika makofi kutoka nyuma. Mama Domitila naye kapiga magoti, anamjibia yule wa kijani. Salamu hiyo alifundishwa na mama, jikoni kwetu.

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja akapiga makofi, na mwingine, mpaka uwanja mzima. Filamu iliishaje sijui, hakuna aliyekuwa anaitazama.

Kesho yake mwenyekiti akauliza nani hamtaki mgeni. Hakuna mkono ulioinuka. Mama Domitila akapewa shamba, akalima ulezi.

Miaka ikapita. Tulipomzika mama, Mama Domitila, naye mzee tayari, alipiga magoti kaburini, akapiga makofi taratibu. Kisha akatulia, kama anangoja.

Nikapiga magoti, nikajibu mimi. Hapa naandika machozi yananitoka.

Nilichojifunza: mgeni msalimie kwanza, kwao utamuuliza akishakula.

Nanyi mliowahi kufika ugenini hamjui mtu, nani alikuwa wa kwanza kuwasalimia? Mtajeni hapa, tumshukuru wote.