Swali Lililojibiwa Haraka

Kwa siku tatu Spika hakunadi kitu. Watu waliozoea kumsikia kutoka mwanzo wa soko hadi mwisho wake, akizisifia suruali na mashati ya mitumba kana kwamba anauza dhahabu, walipita mezani kwake wakamkuta amejizungushia taulo shingoni, anaonyesha bei kwa vidole. Wakacheka, wakasema leo spika imekatika waya. Naye alicheka nao kwa macho tu, maana koo halikumruhusu zaidi ya hapo.

Mkewe hakucheka. Yeye alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, chumba kirefu chenye meza nne na mvuke usiokwisha, na wenzake walimwita Bi Mstari kwa kuwa suruali haikutoka mikononi mwake bila mstari ulionyooka kama kamba ya mwashi. Alikuwa mtu wa hadhari. Akichomoa pasi ukutani hutembea hatua kumi, kisha hurudi kutazama kama kweli ameichomoa. Nyumbani, mumewe na binti zao wawili walimtania kwamba hata malaika wa kifo akibisha hodi, atamwomba kwanza kitambulisho.

Siku ya nne asubuhi Spika alishindwa kumeza hata mate yake mwenyewe. Alikuwa anayatema kwenye kopo, paji la uso linawaka moto. Bi Mstari akaomba ruhusa kazini, akawaandaa watoto kwenda shule, akamshika mume mkono mpaka zahanati.

Mabenchi yalikuwa yamejaa hadi nje. Walipofikiwa, daktari, mwanamke kijana aliyeonekana hajapumzika tangu jana, alimmulika koo kwa tochi na kukunja uso. Lilikuwa limevimba pande zote mbili na usaha umetanda. Akaanza kuandika. Alisema atampa dawa ya jamii ya penisilini, na kwa kuwa vidonge havitapita, atampa ya maji, ile wanayopewa watoto, ila kipimo chake kitakuwa cha mtu mzima. Kisha, kalamu ikiendelea kutembea, akauliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru.

Spika alitikisa kichwa. "Tumbo langu la chuma," alikwaruza.

Daktari akamtazama mke, na mke naye akatikisa kichwa. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hajawahi kuona kitu kinachomkataa mwanamume huyu isipokuwa kuamka mapema. Daktari akaandika "hakuna", akaita anayefuata.

Kwenye dirisha la dawa walimkuta mzee mwembamba mwenye subira. Bi Mstari alimfanya arudie maelezo yake mara mbili. Ndani ya chupa mlikuwa na unga mkavu. Achemshe maji, ayaache yapoe kabisa. Aigonge chupa kwanza ili unga uachane, atie maji nusu, atikise, kisha aongeze mpaka kwenye alama. Kila mara kabla ya kunywa atikise tena. Apime kwa kikombe kidogo kilichokuja na chupa, asipime kwa kijiko cha jikoni, maana vijiko havilingani. Mara tatu kwa siku, mpaka siku alizoandikiwa ziishe, hata koo likipona mapema. Chupa ikae pahali pa baridi, mbali na jua, na wiki ikiisha, kitakachobaki kisinywewe na mtu.

"Na mkiona kitu msichokielewa," mzee alimalizia, "vipele, kuvimba, kuhema kwa shida, msisubiri kesho. Rudini hapahapa, na chupa mje nayo."

Walikaa chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji, mlango unaotazama uani. Bi Mstari alichemsha maji, akaiweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, akangoja hadi alipoigusa kwa kiganja na kuridhika. Akachanganya. Alipoongeza maji alipiga goti ili alama iwe sawa na jicho lake, akatia tone baada ya tone. Akapima kikombe kwa namna ileile. Spika alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Akainywa dawa kwa shida, mafunda mawili, akafumba macho hadi ikapita. Kisha akamwonyesha mkewe dole gumba.

Kilichobaki kilikuwa kumjulisha wifi yake. Dada huyu mkubwa ndiye aliyemlea Spika baada ya mama yao kufariki, na aliishi mbali, safari ya siku mbili. Asipoambiwa mapema kwamba mdogo wake anaumwa, lawama zake husikika mwaka mzima. Bi Mstari alisimama chumbani, akapiga simu, wakajuliana hali. Alieleza koo, homa, zahanati. Alikuwa amefika kwenye chupa na unga wake wakati wifi alipomkata maneno.

"Dawa gani hiyo?"

"Ya maji, wifi. Ya jamii ya penisilini."

Wifi akapandisha sauti.

"Ameshainywa?"

"Sasa hivi. Hata robo saa haijatimia."

"Nisikilize. Alipokuwa na miaka mitano alichomwa sindano ya penisilini, kwa ajili ya kidonda cha mguu. Alivimba uso mpaka macho yakafunga. Mama alikimbia naye mgongoni kurudi kwa mganga wa hospitali. Tuliambiwa asiiguse tena maisha yake yote."

"Mbona hajawahi kuniambia?"

"Alikuwa mtoto mdogo." Sauti ya wifi ilianza kuvunjika. "Mama alipoondoka, mimi nikadhani anakumbuka."

Bi Mstari alichungulia sebuleni. Mumewe alikuwa ameketi vilevile, uso kauelekeza uani, na mkono wake wa kulia ulikuwa unajikuna kiganja cha kushoto. Anajikuna taratibu, kama mtu asiye na habari.

Akamwendea, akamtoa taulo shingoni. Chini yake ngozi ilikuwa imetoka mabaka yaliyoinuka, mengine makubwa kama sarafu, yanaungana mbele ya macho yake. Masikio yalikuwa mekundu. Alimwuliza anajisikiaje, na Spika akajibu kwamba ni joto tu, na mdomo unamwasha kidogo. Sauti ilikwaruza. Hapo ndipo hofu ilipomkaba vizuri. Kwa siku nne sauti hiyo ilikuwa imekufa, sasa atajuaje kama ni ugonjwa uleule au ni koo linaloanza kuziba?

Bi Mstari alipiga kelele, ikamleta jirani, fundi cherehani wa chumba cha pili, na tepu yake ingali shingoni. Fundi alishauri maziwa. Kisha akashauri maji ya chumvi, atapike. Kwa kitambo kidogo Bi Mstari alitamani sana kumsikiliza, kwa sababu maziwa yalikuwa karibu na zahanati ilikuwa mbali. Lakini mtu ambaye mate yalikuwa yanamshinda, atapitishiwa wapi chumvi? Na mzee wa dirishani alisema msisubiri. Akamwomba fundi atafute pikipiki, na awapokee watoto wakitoka shule. Akachukua chupa, akaitia mfukoni mwa aproni ya kupikia ambayo hakuwa amekumbuka kuivua.

Dereva aliwapakia wote wawili, Spika katikati, mkewe nyuma amemfumbata kiunoni. Barabara ile aliyoitembea asubuhi bila kuiona, sasa aliijua kila shimo. Sikio lake lilikuwa limebanwa kwenye mgongo wa mumewe, na ndani ya mgongo ule alisikia mluzi. Kila pumzi ilipiga mluzi mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Alianza kuzihesabu, akaacha, kwa sababu kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ambayo hakuweza kuistahimili. Karibu na kona ya mafundi magurudumu alihisi mwili wa mumewe unamlemea. Akambana kwa mikono yote miwili na kumwambia dereva aongeze mwendo. Alitaka kusema kwa nguvu lakini maneno yalitoka kama mnong'ono.

Hakupanga foleni. Alipita katikati ya mabenchi akimburuta, dereva ameshika upande wa pili, na sentensi aliyoiandaa njia nzima ikamtoka mara moja, wazi kabisa: "Amekunywa penisilini na inamdhuru. Hii hapa chupa."

Nesi alimtazama Spika usoni mara moja tu. Midomo ilikuwa imejaa, jicho moja limebaki mstari. Akamshika, akaita kwa jina la kazi, "Daktari," bila kupaza sauti sana, na watu wawili wakatokea. Wakamlaza, wakamwinua miguu. Sindano ikaingia pajani, juu ya suruali, hakuna aliyejisumbua kuivua. Wakamvika barakoa ya oksijeni. Mtu akasoma presha na kutaja namba ambayo hakuna aliyeitolea maoni. Baada ya dakika chache wakamchoma nyingine.

Bi Mstari alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mikono ndani ya aproni. Wazo lililokuwa linamla halikuwa la kifo. Lilikuwa la kikombe kile kidogo. Alipiga goti. Alisawazisha alama na jicho. Kama angekuwa mzembe kama wanawake wengine, angemwaga nusu mezani, mume angekunywa kidogo. Alijua halina maana, lakini lilizunguka kichwani kama nzi ndani ya chupa.

Mluzi ulipungua polepole mno, hata hakuweza kusema ulikoma saa ngapi. Alichoona ni macho ya mumewe kumtafuta, kumpata, na kutulia. Hapo akaketi sakafuni.

Daktari yule kijana alikuja baadaye na faili. Aliinama karibu naye, akamweleza kwamba mwili ukishaikataa dawa mara moja unaweza kukumbuka miaka mingi, na mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Hatari ilikuwa imepita kwa sasa, ila inaweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo mgonjwa atalala pale, wamwangalie. Kisha akaifunga faili.

"Niliuliza huku naandika," alisema. "Ningeuliza hata habari za utotoni."

"Na sisi tulijibu huku tunataka kuondoka," Bi Mstari alisema.

Koo lilikuwa bado linahitaji kutibiwa. Jioni, uvimbe ulipokwisha, alipangiwa dawa ya jamii nyingine kabisa. Nesi alimletea Bi Mstari kikombe amnyweshe mumewe, naye akakitazama bila kukipokea. Mkono haukutaka kutoka kwenye aproni. Nesi hakumlazimisha. Alimnywesha mwenyewe, akavuta kiti, wakaketi wote wawili wakiitazama midomo ya Spika kwa saa nzima kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Spika akikohoa, wanasimama. Akijikuna pua, wanasimama. Mwishowe akawaambia, kwa mkwaruzo wake, kwamba kama wanataka kumuua waendelee kumkodolea macho hivyohivyo. Nesi akacheka. Bi Mstari alijaribu, akashindwa.

Kesho yake waliruhusiwa. Walipewa kadi yenye maandishi mekundu: asipewe penisilini wala dawa nyingine za jamii yake, na majina ya dawa hizo yameandikwa chini moja baada ya jingine. Ile chupa aliirudisha dirishani kwa mzee mwembamba siku iliyofuata. Nyumbani fundi cherehani alikuwa amemwomba, kwa nia njema, ampe iliyobaki kwa ajili ya mwanawe anayekohoa, isiharibike bure. Bi Mstari alimjibu kwamba dawa ya mtu haipimwi kwa mwili wa mwingine, amlete mtoto zahanati. Fundi alinuna siku mbili, kisha akampeleka.

Koo lilipona siku ya nane. Wifi aliwasili siku ya tisa, akamkumbatia mdogo wake mlangoni na kulia mpaka Spika mwenyewe akaona aibu mbele ya wapangaji. Hakuna aliyemlaumu. Yeye ndiye aliyejilaumu, kutwa nzima, huku akichambua mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja.

Lakini hofu ya Bi Mstari haikupona siku ya nane, wala ya tisa. Kazini alisimama na pasi mkononi na kusahau nguo iliyo mbele yake. Wiki ile aliunguza shati, la kwanza tangu aanze kazi, akajitolea kulilipa. Kilichomtisha zaidi ni kwamba jambo lile lilikuwa limekaa kichwani mwa mtu mmoja tu, safari ya siku mbili kutoka hapo, na simu ingeweza kutopokelewa.

Jumamosi moja alimwita binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi, akamketisha kitandani. Alimwambia kwamba siku baba akiugua na yeye mama hayupo, kuna maneno ya kumwambia daktari hata kabla hajaulizwa. Akamtajia. Mtoto akarudia, akakosea neno penisilini, akarudia tena.

"Na mimi je, mama, inanidhuru?"

Daktari alikuwa amemwambia kwamba si lazima mtoto arithi, ila ni vizuri kumtajia kila atakayewatibu. Bi Mstari alimweleza hivyohivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Kisha akamwita na mdogo wake.